Nani Kakupa Kibali? Mtambo wa Chapa na Uhuru wa Fikra



Tumeombwa tuzungumze juu ya mtambo wa kuchapa na jinsi ulivyogeuza jamii na fikra za wanadamu. Pengine wapo watakaouliza: sisi tuna kiu ya haki, mashine ya wino na risasi yatuhusu nini? Jibu letu ni kwamba historia ya haki haitenganiki na historia ya karatasi. Kila utawala wa mabavu, mahali popote ulipotokea, umekuwa na swali moja kwa mwenye kuandika: nani kakupa kibali?

Tuanzie mbali. Wachina walichapa kwa vibao vya mti karne nyingi kabla ya Wazungu, na mwaka 1377 Wakorea walichapa kitabu kwa herufi za madini. Huko Ulaya, katika mji wa Mainz, fundi Johannes Gutenberg alimaliza kuchapa Biblia ya Kilatini yapata mwaka 1455. Aliunganisha mambo matatu: herufi ndogo za madini zilizoweza kupangwa, kupanguliwa na kupangwa upya, wino mzito wenye mafuta, na shinikizo lililofanana na lile la kukamulia zabibu. Zilitoka nakala kama 180. Kabla ya hapo, mwandishi wa mkono alikaa miezi mingi juu ya nakala moja tu. Gutenberg mwenyewe hakutajirika, kwani aliyemkopesha fedha alimshtaki na kumnyang'anya vifaa. Lakini kazi yenyewe haikunyang'anyika. Kufikia mwaka 1500, mitambo ya chapa ilikuwa imesimama katika miji zaidi ya 200 ya Ulaya.

Ni nini hasa kilichobadilika? Kwanza, bei ilishuka, na kitabu kikatoka katika makabati ya watawa na wafalme kikaingia katika nyumba ya fundi viatu. Pili, na jambo hili ni kubwa zaidi, watu wawili waliokaa mbali waliweza kufungua ukurasa uleule na kukuta neno lilelile. Zamani kila nakala ilikuwa na makosa yake. Sasa mtu wa kusini aliweza kumwandikia mtu wa kaskazini: tazama ukurasa fulani, mstari fulani, je, ndivyo tulivyofundishwa? Hoja ikapata mahali pa kusimama. Tatu, lugha za nyumbani zilipanda hadhi, kwa kuwa mchapaji alitaka wanunuzi, na wanunuzi wengi hawakujua Kilatini.

Wala tusidhani kwamba wote walijua kusoma. Wengi hawakujua. Aliyejua alisoma kwa sauti sokoni, karakanani na katika vilabu vya pombe, na wengine wakasikiliza, wakabishana, wakapeleka habari mbele. Karatasi moja ilikuwa na masikio mengi.

Lakini, ndugu zetu, mtambo hauna dini wala chama. Miongoni mwa kazi za kwanza zilizotoka Mainz mwaka 1454 na 1455 zilikuwamo hati za rehema, fomu zenye nafasi wazi ya kujaza jina la mnunuzi. Miaka sitini baadaye, Oktoba 1517, mtawa Martin Luther aliandika hoja 95 za kupinga biashara hiyo. Kabla ya mwaka kwisha hoja hizo zilikuwa zimechapwa katika miji kadhaa. Septemba 1522 likatoka Agano Jipya lake kwa Kijerumani, na kufikia Desemba ilibidi lichapwe tena. Chombo kilichouza msamaha ndicho kilichohoji kuuzwa kwake.

Hapo wakulima nao wakasikia. Mwezi Machi 1525, katika mji wa Memmingen, wawakilishi wa wakulima wa Ujerumani ya kusini walitoa madai yao katika vipengele kumi na viwili. Dai la kwanza lilikuwa kwamba kila usharika uwe na haki ya kumchagua mchungaji wake na kumwondoa asipofaa. Dai la tatu lilisema mtu asimilikiwe na bwana shamba, kwa kuwa Kristo alimkomboa mnyonge sawasawa na mwenye cheo. Waliongeza kwamba wako tayari kuacha dai lolote litakaloonyeshwa kuwa linapingana na Neno la Mungu. Ndani ya miezi michache kijitabu hicho kilichapwa mara zaidi ya ishirini.

Je, walishinda? Hapana. Majeshi ya wakuu yaliwachinja kwa maelfu mwaka huohuo, na Luther mwenyewe aliandika kijitabu kikali dhidi yao. Watu waliuawa, lakini vile vipengele vilikuwa vimetawanyika mno kuweza kukusanywa na kuchomwa, na hadi leo husomwa. Mkulima asiyeruhusiwa kusema mbele ya bwana wake aliacha neno ambalo bwana hakuweza kulifuta.

Tuvuke sasa hadi Uingereza. William Tyndale alitaka mvulana wa jembe asome Maandiko kwa lugha yake. Nchini mwake alinyimwa kibali, akaenda Ujerumani. Uchapaji wake ulivamiwa huko Cologne mwaka 1525, akakimbilia Worms, na mwaka 1526 Agano Jipya la Kiingereza likakamilika. Nakala ziliingizwa Uingereza kwa siri, zikiwa zimefichwa ndani ya marobota ya nguo. Askofu wa London aliamuru zichomwe. Mwanahistoria wa zama hizo, Edward Hall, anasimulia kwamba askofu alizinunua kwa wingi ili azichome, na fedha hiyo ikamsaidia Tyndale kuchapa upya kwa usahihi zaidi. Mwaka 1536 Tyndale alinyongwa karibu na Brussels na mwili wake ukachomwa. Miaka miwili tu baadaye, mfalme wa Uingereza aliamuru Biblia ya Kiingereza iwekwe katika kila kanisa la parokia, na sehemu kubwa ya maneno yaliyosomwa humo yalikuwa ya mtu yule aliyechomwa.

Watawala walipoona moto haufui dafu, walitumia leseni. Mwaka 1557 kazi ya kuchapa iliwekwa mikononi mwa chama kimoja cha wachapaji wa London. Amri ya mwaka 1637 ilipunguza wachapaji wakuu wa mji huo wawe ishirini tu, na kila kitabu kikaguliwe kwanza. Mwaka 1638 kijana John Lilburne alichapwa viboko barabarani, akifungwa nyuma ya mkokoteni, kwa tuhuma za kuingiza vitabu visivyo na kibali.

Na sasa tunaomba mtege masikio, kwa maana hapa pana funzo linalotuhusu sisi wapenda mageuzi. Mwaka 1641 Bunge liliivunja mahakama ya mfalme iliyotoa amri hizo, na vijitabu vikamiminika kama mvua ya masika. Watu wakafikiri uhuru umefika. Miaka miwili haikupita. Mwaka 1643 Bunge lilelile, lililojaa watu waliopigana na dhuluma ya mfalme, lilirudisha kibali! Walikuwa wamechukia mkono uliolishika rungu, si rungu lenyewe. Mshairi John Milton, aliyekuwa upande wa Bunge, hakunyamaza kwa ajili ya urafiki. Mwaka 1644 alitoa kijitabu *Areopagitica* kuwapinga wenzake, naye alikichapa bila kibali. Hawakumsikiliza. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini, hadi 1695, sheria ya leseni ilipoachwa ife.

Turudi nyumbani. Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianzisha gazeti la *Muigwithania*, na mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta. Mwaka 1945 Henry Muoria alianzisha *Mumenyereri*. Mwaka 1952 Biblia ya Kiswahili ya Muungano ilitolewa, na Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari, magazeti ya Waafrika yakafungwa. Tukapata uhuru. Yule mhariri wa 1928 alikuwa Rais wakati ambapo, mwaka 1977, kibali cha mchezo wa kuigiza wa Kamirithu kilifutwa, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1986 Wakenya walifungwa kwa kupatikana na karatasi. Mwaka 1988 gazeti la makanisa, *Beyond*, lilipoandika habari za wizi wa kura za mlolongo, lilipigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alihukumiwa kifungo kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo. Mwaka 1993 polisi walivamia kiwanda cha chapa cha Fotoform mjini Nairobi na kuilemaza mitambo.

Tafakarini juu ya ule mlolongo. Watu walipanga foleni, wakahesabiwa, wakatawanyika. Foleni ikishavunjika, hakuna cha kuhesabu tena. Palibaki neno la ofisa peke yake. Kura ya karatasi, iliyochapwa na kutiwa sandukuni, yaweza kufunguliwa tena mbele ya mashahidi. Ndiyo maana wasiopenda ushahidi hawapendi karatasi.

Katiba ya mwaka 2010, katika vifungu vya 33 na 34, inalinda uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari. Tunamshukuru Mungu, na tunawakumbuka waliolipa gharama. Lakini kifungu hakijilindi chenyewe. Kwa hiyo tuna mambo matatu ya kuwaachia.

La kwanza: tuulinde uhuru wa yule tusiyekubaliana naye. Wenzetu wakiingia madarakani na kushika rungu la kibali, tuwapinge kama tulivyowapinga waliotangulia. La sivyo tutakuwa Bunge la 1643.

La pili: tuwe waaminifu kwa neno tunalolisambaza. Mwishoni mwa karne ya kumi na tano kilichapwa kitabu cha kufundisha namna ya kuwasaka wachawi, kikaenea pamoja na vitabu vyema, na wanawake wasio na hatia wakateswa. Mwaka 1631 wachapaji wa Biblia mjini London waliacha neno moja dogo la kukataza, na amri ya Mungu ikasomeka kana kwamba inaagiza uzinzi. Walitozwa faini ya pauni 300. Leo kila mwenye simu ni mchapaji, na aweza kutuma uongo kwa mamia. Tusome kwanza, tuulize, ndipo tupeleke.

La tatu: tusome kwa sauti. Katika jumuiya, katika vikundi vya kina mama, katika kazi za vijana, asiyejua kusoma asiachwe nje ya mambo ya nchi yake. Katiba isomwe kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kifungu kwa kifungu, hadi mwananchi aweze kumwambia chifu: tazama ukurasa huu, je, ndivyo unavyofanya?

Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Lakini ili udhihirike, lazima awepo wa kuuandika, wa kuuchapa, na wa kuusoma. Mungu aibariki Kenya, nasi atutie nguvu.