Hotuba ya Kamati ya Ushonaji: Jinsi ya Kupima Bei ya Cherehani Kikubwa
(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Sisi wa Kamati ya Ushonaji hatukuja kuomba fedha kwa maneno matamu. Tumekuja kueleza jambo mtakalolipigia kura alasiri hii, yaani, kama yafaa chama kinunue cherehani kikubwa cha kushonea mifarishi, na kama yafaa, basi kwa bei gani.

Kwanza hapana budi tukiri kosa letu. Miaka mitatu iliyopita tuliona cherehani kilichokwisha kutumika, tukavutwa na bei yake. Muuzaji alikijaribu mbele yetu kwa kipande chembamba cha marekani, kikashona vizuri, nasi tukalipa siku ile ile. Tulipokitia mfarishi, pale mishono minne ya viraka ilipokutana, sindano ilivunjika na uzi wa chini ukafanya mafundo. Tulilipa fundi mara mbili bila faida. Mwishowe tulikiuza kwa bei isiyofika nusu ya ile tuliyonunulia. Fedha ile ilikuwa michango yenu, na sehemu yake ilitoka kwa wajane wanaouza mboga sokoni. Hatujaisahau. Maneno yetu ya leo yamezaliwa na hasara ile.

Mzee mmoja alituuliza swali la haki: “Vyerehani mnavyo, mnataka kikubwa cha nini?” Twamjibu hivi. Mfarishi si nguo moja. Juu kuna kitambaa cha viraka, katikati pamba, na chini kitambaa cha kufunika; matabaka hayo matatu lazima yashonwe pamoja ili pamba isikimbilie upande mmoja. Kazi huanza katikati na kwenda pembeni. Kwa hiyo, mfarishi wa kitanda kikubwa wenye upana wa inchi 90, nusu yake, yaani inchi 45, hukunjwa kama mkeka na kupitishwa kati ya sindano na shingo ya cherehani. Katika cherehani cha kawaida cha nyumbani nafasi hiyo ni kama inchi 6 au 7 tu. Mkunjo wa pamba haupiti kwa urahisi. Ndiyo sababu mmewaona akina mama wetu wakishona watatu watatu: mmoja ameshika gurudumu, wawili wanabeba uzito wa mfarishi. Mikono sita yafanya kazi ya miwili, na bado mishono hupinda. Wateja wetu wa nchi za baridi, kama Limuru na Molo, hawanunui mshono uliopinda.

Basi haja ipo. Lakini haja haimaanishi kwamba kilicho kikubwa zaidi ndicho kifaacho. Vipo vyerehani vya namna tatu juu ya kile cha nyumbani. Namna ya kwanza ni vya kushona mshono ulionyoka tu, vyenye nafasi ya inchi 8 au 9. Huwekwa juu ya meza yoyote iliyo imara. Namna ya pili ni vya kiwandani, vyenye nafasi ya inchi 10 au zaidi kidogo. Hivi vina nguvu nyingi na vyaweza kupiga mishono elfu kadhaa kwa dakika, lakini vina meza yao na mota yao, na kwa kawaida meno ya kusukuma kitambaa hayashushwi kwa urahisi. Mshonaji anayetaka kuchora maua kwa uzi, akiuongoza mfarishi kwa mikono yake, hupata taabu. Namna ya tatu ni vile virefu kabisa vya mifarishi, vyenye nafasi ya inchi 16 hata 26, ambavyo husafiri juu ya fremu wakati mfarishi umetulia. Ni kazi nzuri ajabu, lakini fremu yake hujaza chumba kizima, na fundi wa kukitengeneza hapatikani kila mji.

Sasa twaja kwenye bei yenyewe. Tumejifunza kwamba bei iliyoandikwa kwenye karatasi si bei ya cherehani. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kilichotumika chauzwa shilingi 35,000, na kipya chauzwa shilingi 60,000. Mtu wa haraka atasema ameokoa 25,000. Lakini tuulize: je, zile 35,000 ni za kichwa peke yake? Tukiongeza meza na mota kwa 14,000, gari la kukileta kwa 2,000, na matengenezo ya kwanza kwa 6,000, jumla yake ni shilingi 57,000. Ikiwa kile kipya huja na meza na mota, huletwa mpaka mlangoni na kina dhamana ya mwaka mmoja, tofauti iliyobaki ni shilingi 3,000. Kwa shilingi 3,000, je, tutakubali kubeba hatari yote wenyewe?

Hatusemi kwamba kilichotumika ni kibaya siku zote. Vyerehani vya Singer vya chuma cha kusubu, vilivyotengenezwa katika kiwanda cha Clydebank huko Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, vingine vingali vikishona mpaka leo. Uzee peke yake si ugonjwa. Lakini tusitumie umri wala jina kuwa kipimo cha bei. Tuzungushe gurudumu kwa mkono na kusikiliza kama pana mahali linapokwama. Tushike mhimili wa sindano na kuona kama unalegea. Tutazame kama sahani iliyo chini ya sindano imechimbwa na sindano zilizopotoka. Tusome bamba la mota: umeme wetu wa Kenya ni volti 240, na mashine iliyotoka Marekani mara nyingi hutaka volti 110 au 120, kwa hiyo huhitaji transfoma, na hiyo nayo ina bei yake. Tena tuulize vipuri kabla ya kulipa. Kipuri kinachoagizwa ng’ambo kwaweza kuisimamisha kazi kwa miezi.

Zaidi ya yote, twende dukani na kitambaa chetu wenyewe. Tuchukue kipande cha mfarishi chenye pamba, na pale mishono minne inapokutana ndipo tujaribu, polepole na kwa haraka, kisha tukigeuze tutazame uzi wa chini. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo amekwisha kutujibu.

Liko pia jambo la kulipa kidogo kidogo. Desturi hii ni ya zamani. Kampuni ya Singer iliianza mwaka 1856 huko Marekani, na kwa njia hiyo watu wengi wa mapato madogo walipata vyerehani. Hatuikatai, ila tuihesabu. Tuchukue tena mfano wa cherehani cha shilingi 60,000. Tukitanguliza 15,000 na kulipa 5,000 kila mwezi kwa miezi 12, tutakuwa tumetoa 75,000. Muuzaji atasema nyongeza ni robo ya bei tu. Lakini deni letu halikuwa 60,000, lilikuwa 45,000. Kwa hiyo nyongeza ya 15,000 ni theluthi ya fedha tuliyokopeshwa, na bado tunairudisha kila mwezi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya kuyapima hayo, Kamati yatoa maoni haya. Tusinunue kile kirefu cha fremu, maana kingemeza akiba yote na kutufanya watumwa wa mashine. Wala tusinunue cha kiwandani kwa kuwa tu kina nguvu. Tununue kimoja cha namna ya kwanza, cha mshono ulionyoka, ambacho meno yake hushushwa, na tulipe taslimu kutoka katika faida ya mifarishi iliyouzwa. Vyerehani vya kanyagio tusiviuze vyote kwa bei ya kutupa. Viendelee kuunganisha viraka, maana kazi hiyo havijashindwa, hata umeme ukikatika. Kimoja tu, kilicho kibovu, ndicho kiuzwe.

Tena twaomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba fedha za mazishi na za karo za watoto hazitaguswa hata kwa senti moja. Ikiwa faida haitoshi mwaka huu, tutangoja. Mfarishi waweza kungoja. Maiti hangoji, wala muhula wa shule haungoji.

Mwisho, twaomba mchague watu wawili wasio wa Kamati yetu waende nasi siku ya kununua, mmoja awe mzee na mmoja awe mama mshonaji. Si kwa sababu hatujiamini, bali kwa sababu tulikwisha kudanganywa na macho yetu mara moja, na fedha hii ni ya wote.

Tumekwisha kusema. Uamuzi ni wenu, nasi tutautii.