TUWAPE WATOTO MPIRA, TUSIWAPE MAADUI

Hotuba ya mwalimu mmoja, mwenezi wa chama, mbele ya wazazi na wanachama wa Kariakoo



Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za soko mkaja kunisikiliza. Leo sisemi habari za kadi wala za uchaguzi. Nataka tuzungumze juu ya watoto wetu wa miaka mitatu hadi mitano, na juu ya mpira.

Sisi watu wa Kariakoo hatuna haja ya kufundishwa kuupenda mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikaanzishwa klabu ambayo tangu 1971 twaiita Simba. Makao ya klabu zote mbili yako huku huku kwetu, moja Jangwani na ya pili Msimbazi. Mtoto wetu huvalishwa jezi kabla hajajua kutembea. Lakini nani humfundisha kucheza? Timu tumempa, mpira bado.

Tazameni mambo yalivyo. Watoto kumi na wanane wa chekechea hupewa mpira mmoja, wakagawanywa pande mbili, nasi wakubwa tukasimama pembeni tukipiga kelele. Watatu wenye nguvu ndio hukimbia nao. Waliobaki husimama juani. Mtoto wa kike huambiwa akae. Waliofungwa huzomewa, wakalia, na Jumamosi ya pili hawataki kuja. Je, mkulima hung'oa mche kwa sababu haujazaa siku ya kwanza?

Basi yatupasa kubadili mwendo. Nimesomea ualimu, na kila mwalimu wa watoto wadogo ajua kwamba mtoto wa umri huo hujifunza kwa kucheza. Mambo yenyewe ni haya.

Kwanza, kila mtoto awe na mpira wake. Msiogope gharama. Mpira wa makaratasi na matambara uliofungwa kamba wote twaujua, tena ni mwepesi. Mpira wa wakubwa una uzito wa gramu 410 hadi 450, ni mzito kwa mguu wa mtoto wa miaka minne. Mwenye uwezo wa kununua dukani aulize namba 3.

Pili, magoli yasihesabiwe. Mwalimu apange vifuu vya nazi chini, mtoto aupitishe mpira katikati yake, kama sisi tunavyopenya Mtaa wa Congo bila kumgonga mtu. Filimbi ikilia, aukanyage mpira na kusimama. Kwa mchezo huo hujifunza kuuongoza mpira, kusimama na kutazama mbele, wala hakuna aliyeshindwa.

Tatu, muda uwe mfupi, nusu saa yatosha, na maji yawepo. Wasichana wacheze sawa na wavulana. Hata asiyeona ana haki ya kucheza: mpira ukitiwa njuga, ataufuata kwa sikio. Jirani zetu wa Shule ya Uhuru Mchanganyiko husomesha wasioona pamoja na wanaoona, nasi tusishindwe uwanjani.

Najua wako watakaosema kwamba mtoto asiyeshindana atakuwa legelege. Nawajibu kwa mfano wa Norway. Nchi hiyo iliweka kanuni za michezo ya watoto mwaka 1987, na kwa kanuni zake za leo hakuna msimamo wa ligi wala orodha ya washindi kwa mtoto asiyefika mwaka wa kutimiza miaka 11. Erling Haaland, aliyezaliwa mwaka 2000, alikulia huko. Je, huyo ni legelege?

Ndugu zangu, lililo zito ni mahali pa kuchezea. Zamani nyumba zetu za Kariakoo zilikuwa na ua, na mtoto alicheza mbele ya macho ya bibi yake. Leo yamesimama maghorofa, ua umekwisha, na njiani pana bodaboda na mikokoteni. Viwanja vya Kidongo Chekundu vilitengenezwa upya mwaka 2015, lakini havitoshi watoto wote wa mitaa yetu. Kiwanja kikichukuliwa kwa vibanda leo, kesho hakirudi.

Kwa hiyo naomba kila tawi lifanye mambo matatu. Limwendee mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, liombe uwanja kwa saa moja kila Jumamosi asubuhi. Lichague mama mmoja na baba mmoja wa kusimamia na kulinda lango. Na likisikia kwamba kiwanja cha watoto kinataka kugawiwa watu, lipeleke habari kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa diwani siku hiyo hiyo, wala lisingoje.

Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwaka 2023 kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Watoto ninaowasema hawatakuwamo katika timu hiyo, na wengi wao hawatakuwamo katika timu yo yote. Hilo lisitukatishe tamaa. Mtoto aliyezoea kumpa mwenzake mpira bila kuzomewa atakuwa jirani mwema, awe mchezaji au muuza vitunguu.

Jumamosi ijayo tuanze. Leteni watoto, leteni matambara na kamba.