Diamba na tumbo la mutoto


Tulifukuzwa Likasi 1992 na 1993, tukaenda Kasai. Tuliporudi hapa Shituru, bamoya kati yetu balirudi na dawa ya kule: mutoto akiharisha, banamukunywesha maji ya diamba. Hatubacheki. Diamba inapunguza mwendo wa matumbo, kuharisha kunaonekana kupungua. Lakini maji iliyotoka mwilini hairudi, na mutoto analewa, hata kunyonya hawezi. Hiyo ndiyo inaua.

Tufanye hivi: litre moya ya maji iliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko ya chumvi. Umupe kidogo kidogo, kisha mbio kwa munganga. Feza ikikosa, mugonge kwetu, hata usiku. Kese yetu iko kwa ajili ya ile.