Kaptagat, Kambi ya Kipchoge
Mwaka 2012 Eliud Kipchoge aliachwa nje ya timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata akahamia marathoni, akashinda ya kwanza tu, mjini Hamburg. Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Miguu ilikuwa yake, lakini kazi ilikuwa ya wengi. Wakimbiaji 41 walipokezana kumsindikiza, watano mbele wakimkinga upepo na wawili nyuma. Ndiyo maana muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia.

Siri ya mafanikio yake, kama ipo, iko kwenye kambi ya mazoezi ya Kaptagat, Kenya, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni huko ni haba, hivyo mwili huongeza chembe nyekundu za damu za kuisafirisha. Ila mwinuko pekee hautoshi. Maelfu wanaishi huko na hawajavuka utepe wowote. Kambini zamu za usafi ni za wote: Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, naye husugua choo.

Kocha Patrick Sang, aliyetwaa fedha ya Olimpiki mwaka 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, huwapangia wanariadha wa kambi wiki isiyobadilika sana. Jumanne ni uwanjani, Alhamisi masafa ya kilomita 30 au 40, Jumamosi kubadilisha kasi. Siku zilizobaki? Mbio nyepesi, polepole kiasi cha kupiga soga njiani, na wachovu hapo ndipo wanapopona.