Berkhamsted: Mji Uliotetea Malisho Yake



Leo tunazungumza habari za mji mmoja mdogo wa Uingereza. Jina lake ni Berkhamsted. Uko kaskazini-magharibi ya London, umbali wa kilomita 42 hivi. Wakazi wake ni zaidi ya 18,000. Huenda mtauliza, mji wa mbali hivyo unatuhusu nini? Subirini kidogo, mtaona.

Mji huu ni wa zamani. Mwaka 1066 William kutoka Normandy aliishinda Uingereza kwa vita. Wakuu wa Waingereza walikwenda Berkhamsted kumkubali kuwa mfalme wao. Baadaye ngome ilijengwa hapo. Magofu yake yapo mpaka leo, karibu kabisa na stesheni ya reli.

Reli ilifika mwaka 1837, nayo ndiyo iliyobadili maisha ya mji. Siku hizi, ikifika asubuhi, watu wengi hupanda treni kwenda kazini London. Safari ni kama dakika 40. Jioni hurudi kulala kwao. Kwa hiyo nyumba za hapo zinatafutwa sana, na bei yake ni kubwa. Kijana mwenye mshahara mdogo hupata taabu kununua nyumba katika mji aliozaliwa. Reli imeleta neema, lakini neema nayo ina gharama.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Juu ya mji kuna ardhi pana ya vichaka na nyasi. Tangu zamani watu wa hapo walikuwa na haki ya kulisha mifugo yao humo na kukata kuni. Ardhi ilikuwa na mwenyewe, lakini haki za matumizi zilikuwa za wengi. Mwaka 1866 mwenye ardhi, tajiri mkubwa aitwaye Lord Brownlow, alizungushia sehemu kubwa uzio wa chuma. Uzio ulikuwa na kimo cha mita moja na nusu hivi. Basi, njia zikafungwa.

Nani angethubutu kumpinga bwana mkubwa kama huyo? Alitokea Augustus Smith. Naye alikuwa tajiri, mwenye shamba hapo, na alikuwa na haki katika malisho yale. Alisaidiwa na chama cha kutetea ardhi za namna hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1865.

Usiku wa tarehe 6 Machi 1866, treni ya kukodi iliondoka London. Ndani yake walikuwamo vibarua zaidi ya 100. Walishuka stesheni ya Tring, wakatembea gizani, wakaanza kazi kwa nyundo na mitaimbo. Hawakuiba kitu. Vyuma walivipanga chini mafungu mafungu. Kulipokucha, uzio wote ulikuwa umelala. Watu wa mji walipopata habari walipanda kwenda kuona, wakatembea tena katika ardhi yao.

Lakini ndugu zetu, mtaimbo haukumaliza shauri. Kesi ilikwenda mahakamani. Huko iliulizwa: watu hawa wana haki gani, na tangu lini? Mwaka 1870 mahakama iliamua kwamba Smith ana haki, na uzio haukurudishwa. Mpaka leo watu hutembea huko kwa miguu, pamoja na wale wanaorudi kutoka London wakiwa wamechoka na kazi.

Sisi tunajifunza nini? Uzio ulianguka kwa usiku mmoja, lakini kesi ilichukua karibu miaka minne. Kilichoilinda ardhi ni watu kujua haki yao na kuweza kuithibitisha. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tunaongeza: mnyonge naye aijue haki hiyo, aisome, aiandike. Mipaka ya malisho yenu na visima vyenu imeandikwa wapi? Nani kati yenu ameisoma karatasi hiyo?

Tukitoka hapa, tukaulizane.