Reli ya Kati Chumbani: Namna ya Kupanga Treni Ndogo ya Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja baada ya chakula cha mchana, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiomba nizungumze leo, alitaka nieleze namna mzee anavyotumia wakati wake baada ya kustaafu. Nadhani alitegemea habari za nyuki au za kuku wa mayai. Lakini habari imekwisha enea kwamba nyumbani kwangu nina treni, na baadhi yenu mmeniuliza kwa sauti ya chini kama ni mzima. Ni mzima, namshukuru Mungu. Basi nitaieleza treni hiyo tangu mwanzo, ili anayecheka ajue anachekea nini.

Nilianza kazi ya reli mwaka 1972 nikiwa karani wa stesheni, siku ambazo Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa bado moja. Lilipovunjika mwaka 1977 nikawa mtumishi wa Shirika la Reli la Tanzania, nikapanda hadi kazi ya kusimamia mwendo wa treni, na mwaka 2013 nikastaafu. Sehemu kubwa ya maisha hayo niliyatumia Tabora. Tangu mwaka 2024 abiria wa Dar es Salaam na Dodoma wamepata reli mpya ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435. Nimeipanda na ninaisifu. Hata hivyo, watu wanaojua kwa mikono yao jinsi kazi ilivyofanyika katika reli yetu ya zamani, ile ya upana wa mita moja, wanapungua kila mwaka. Picha ninazo nyingi, lakini picha ya behewa lililosimama haikwambii kwa nini limesimama hapo, wala litaondoka na treni gani. Nikaona njia ya kuionyesha kazi yenyewe ni kuijenga ndogo, ikatembea.

Ndugu zangu, kazi hii huko Ulaya na Marekani hufanywa na watu wazima wenye mvi, na wamekwisha iwekea vipimo vyake. Kipimo kinachotumika zaidi ni cha 1 kwa 87, yaani kitu cha mita 87 kinakuwa mita 1. Kwa kipimo hicho reli yetu ya mita moja inakuwa na upana wa milimita 11 na nusu. Kwa bahati njema, Uswisi nako kuna reli nyingi za mita moja, na wanaoziiga wanauziwa njia ya milimita 12. Basi nami nikachagua hiyo. Injini za mvuke na mabehewa ya Tanganyika hayauzwi dukani, hivyo mabehewa nayatengeneza kwa kadibodi ngumu na plastiki. Vinavyoagizwa kutoka nje ni njia, magurudumu na mota tu.

Sasa tufanye hesabu, kama alivyotufundisha mwalimu wetu wa hisabati, ambaye namwona pale mbele. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita 1,252. Gawanya kwa 87, utapata kilomita 14 na zaidi. Kilomita moja tu ya njia inadai mita 11 na nusu. Chumba changu kina urefu wa mita 9 na upana wa mita 4, nacho ni vyumba viwili vya uani vilivyobomolewa ukuta wa katikati. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayepanga reli ya nyumbani, hata awe na ukumbi mkubwa kama huu, ni lile la kuamua ataacha nini.

Alikuwako Mmarekani mmoja, John Armstrong, aliyeandika kitabu cha kupanga njia za reli ndogo, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Yeye alishauri mtu aandike orodha mbili kabla ya kushika penseli ya kuchora. Ya kwanza ni ya mambo yaliyopo, usiyoweza kuyabadili: ukubwa wa chumba, mlango uko wapi, fedha kiasi gani, umri wako. Ya pili ni ya mambo unayoyatamani. Halafu orodha ya kwanza inaihukumu ya pili.

Orodha yangu ya matamanio ilijaza kurasa mbili za daftari. Nilitaka bandari ya Dar es Salaam. Nilitaka ukingo wa Bonde la Ufa. Nilitaka Kigoma na meli ya Liemba gatini, ile iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikapelekwa vipande vipande hadi ziwani. Liemba ina urefu wa mita 71, hivyo kwa kipimo changu ingekuwa sentimita 82. Meli peke yake! Na meli yataka ziwa, na ziwa litajaza pembe nzima ya chumba bila kubeba hata treni moja. Nikaifuta. Nakiri iliniuma, maana wajukuu walikuwa wamekwisha iahidiwa.

Nikajiuliza: kati ya yote niliyoyaona kazini, ni kazi gani moja ambayo ikionyeshwa vizuri, mtu ataielewa Reli ya Kati? Jibu lilikuwa Tabora. Wengi wenu mliosafiri mnakumbuka. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora ikiwa moja, na hapo ikakatwa: mabehewa mengine yaende Kigoma, mengine Mwanza. Msafiri wa Mpanda naye alibadilisha hapo hapo, akapitia Kaliua. Wakati wa kurudi, vipande hivyo viliungwa tena. Abiria aliyelala hakujua lolote. Aliamka Mwanza akasema treni imemfikisha. Lakini usiku ule watu wa stesheni walikuwa wamefanya kazi kubwa ya kukata, kusukuma na kuunga, kwa taa za mkononi.

Basi ramani yangu ni hii. Ukuta mrefu wa kwanza ni stesheni ya Tabora, imechukua mita 5. Upande wa mashariki, njia inazunguka chumba ikishuka hadi chini ya Tabora yenyewe. Huko kuna njia nne zilizofichwa, ambazo naziita Dar es Salaam. Treni ikitoka huko, kwa mtazamaji imetoka pwani. Mwanza ni rafu iliyo ndani ya stoo ya jirani, na njia yake inapenya tundu ukutani. Upande wa magharibi, njia inafuata ukuta wa pili hadi Kaliua, kisha inajificha tena, na hapo ni Kigoma. Maegesho haya ya siri ndiyo siri ya reli kubwa ndani ya chumba: unaonyesha mahali pamoja, na nchi iliyobaki inakaa gizani ikingoja zamu yake.

Vipimo vinafuata treni. Behewa la abiria la mita 18 linakuwa kama sentimita 21. Injini na mabehewa manane ni karibu mita 2. Kwa hiyo kila njia ya kupishania lazima iwe na mita 2 na ziada kidogo. Ile iliyo fupi kuliko zote ndiyo inayoamua urefu wa treni zako zote, maana njia ni moja, na treni mbili zikikutana lazima moja iingie pembeni yote, mkia na kichwa. Kona nimezipa nusukipenyo cha sentimita 75, ili mabehewa marefu yasivutane. Na mteremko usizidi 2 kwa 100. Kushuka sentimita 20 kwa mteremko huo kunadai mita 10 za njia, na ndiyo sababu njia ya Dar es Salaam inazunguka chumba. Waliochora treni ikishuka ghafla kama ngazi watapata injini inayozungusha magurudumu papo hapo.

Baada ya treni, pima mwili wako. Mkono wa mtu unafika sentimita 75 hivi bila kuegemea. Kwa hiyo rafu zangu zina upana wa sentimita 60, na pointi zote ziko mbele, kwa sababu behewa linapoanguka huangukia kwenye pointi. Nimeziinua sentimita 120 kutoka sakafuni, mtu atazame treni ubavuni kama aliyesimama jukwaani, asiitazame toka juu kama kunguru. Katikati nimeacha nafasi ya watu watano, kwa kuwa reli haiendeshwi na mtu mmoja. Kuna mkuu wa stesheni, kuna dereva, kuna wa kushanti. Dereva haingii sehemu ya njia moja bila karatasi ya idhini kutoka stesheni iliyo mbele, kama ilivyokuwa kazini. Wajukuu wanapenda karatasi ile kuliko hata injini.

Tabora ina mambo yake, nayo yaingie katika mpango. Mchwa hawana heshima kwa mstaafu. Fremu ni za mninga, na kila mguu umesimama ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari. Joto la Oktoba hutanua chuma, hivyo kati ya kipande na kipande cha reli naacha upenyo mdogo. Umeme ninaotumia ni wa volti 12 kutoka betri ya gari. Taa za mtaa zikizimika, treni yangu inaendelea na safari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonipa kazi kuliko yote. Vile vyumba viwili vya uani vilikuwa vya kupangisha. Nilipomweleza mama watoto mpango huu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mzee, ukitangulia wewe, nitamwambia mpangaji alale juu ya Tabora?"

Ndugu zangu, swali hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma, na nililala nalo siku nyingi. Huko Monterey, California, alikuwako mpiga picha aitwaye John Allen. Reli yake, Gorre & Daphetid, ilijulikana dunia nzima kwa milima iliyoinuka toka sakafuni hadi karibu na dari. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukatokea nyumbani humo, ukaiteketeza. Hakuna aliyeweza kuiokoa, kwani ilikuwa imekuwa kitu kimoja na nyumba. Pensheni ya mama watoto itakuwa ndogo kuliko yangu, na yangu mnaijua. Kodi ya chumba kile kwake ni chakula.

Kwa hiyo tukaandikiana mkataba, yeye na mimi, na mwana wetu mkubwa akaushuhudia. Kwanza, hakuna kitu kitakachopigiliwa ukutani. Reli yote ni visanduku vya urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, vimeungwa kwa bolti, na kila kimoja kinapita mlangoni kikiwa kimebebwa na watu wawili. Waya zinaachana kwa plagi. Vijana wawili na spana wanaweza kukihama chumba kile kwa siku mbili. Pili, ukuta wa katikati tulioubomoa, matofali yake yamepangwa nyuma ya nyumba, na fedha za fundi zimewekwa kando. Tatu, reli inajengwa kwa hatua, na kila hatua inajitosheleza. Hatua ya kwanza ni Tabora na maegesho ya Dar es Salaam, ambayo imekwisha: treni inaingia, inakatwa, inaungwa, inarudi. Ya pili ni Mwanza, na sasa ndiyo ninayoifanya. Ya tatu ni Kaliua na Kigoma. Nina miaka 72. Nikiishia hatua ya pili, nitakuwa nimeacha reli inayotembea. Wangapi tunawajua walioanza jengo kubwa, wakaacha msingi unaoota majani?

Visanduku vya Tabora, nimemwambia Mwalimu Mkuu asubuhi hii, siku hiyo ikifika vitaletwa hapa shuleni, kama shule itavipokea. Mama watoto amekubali. Amesema afadhali vije huku kuliko kuwekewa kuku.

Lakini nina haja moja kwenu, na ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama. Katika mchoro wa Tabora kuna mahali nimeacha peupe. Mimi nilikaa ofisini na katika mwendo wa treni; sikuwahi kuwa mtu wa kushanti. Najua treni ilikatwa, lakini mpangilio wa hatua zake miaka ya 1970, injini ipi ilishika kipande kipi kwanza na kwa njia namba ngapi, aliuweka kichwani mtu aliyeshika taa. Humu ndani wamo waliofanya kazi hiyo, na wamo ambao baba zao waliifanya. Mchoro nimeubandika kwenye ubao karibu na mlango, na penseli imefungwa kwa uzi. Kila mmoja aandike anachokumbuka, hata kama kinapingana na cha mwenziwe. Tutabishana wakati wa chai.