Kabla Hujamnunua Kasuku

Siku hizi kuna watu wanaoona paka na mbwa ni wa kawaida mno. Wanataka mnyama atakayewaacha wageni midomo wazi, na mara nyingi anayetajwa kwanza ni kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu anayeita watu majina na kuiga mlio wa simu. Ninamwelewa kabisa anayemtamani. Ila asitoe pesa bado.

Kasuku huyu akitunzwa vizuri huishi miaka 40, wengine hata 60. Ukimnunua ukiwa mtu mzima, tafuta mapema wa kumrithi. Porini halali peke yake, hulala na wenzake kwa mamia. Sasa mfungie tunduni sebuleni, uende kazini alfajiri urudi usiku, uone. Ataanza kujinyonyoa. Huanzia kifuani, akashuka tumboni na mapajani, mpaka ngozi ikabaki tupu kama ya kuku aliyetoka kwenye maji moto. Manyoya husalia kichwani tu, kwa sababu huko mdomo wake haufiki. Hayo ni mateso, na anayeyasababisha ni mtu aliyedai kumpenda.

Tena ametoka wapi? Katika misitu ya Kongo wategaji hupaka ulimbo kwenye matawi, wakamweka kasuku mmoja awaite wenzake, na wanaoitika hunasa. Wengi hufia njiani, wamebanana masandukuni. Ndiyo maana mkutano wa Johannesburg wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 2016, ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini. Hapa Kenya kimbilio lao ni msitu wa Kakamega, nao ni wachache mno. Kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa.

Mimi anayetaka kitu cha tofauti ningempa simbilisi. Huzaliwa na manyoya yake, macho wazi, na akizoea saa ya kula hupiga mluzi akisikia tu majani yakichakarika. Mwili wake, kama wetu, haujitengenezei vitamini C, kwa hiyo mpe majani mabichi kila siku, na kipande cha pilipili hoho. Wafuge wawili, majike watupu, la sivyo baada ya miezi miwili na ushei utakuwa na ukoo mzima. Kibanda fundi wa mtaani atakupigia kwa mbao na waya. Mwambie akiinue juu ya ardhi, mvua isiwafikie, na waya uwe wa matundu madogo, paka wa jirani asipate pa kupitisha mkono.